Gari la Mafundi wa Majeneza

Mzee Kigen arap Koech aliingia kwenye cyber yangu mara ya kwanza mwezi wa sita, siku mbili kabla ya mwisho wa kujaza ritani za kodi. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha cyber mjini Eldoret anajua siku hizo zilivyo. Foleni ilikuwa imeshuka ngazi hadi mlangoni mwa agrovet ya chini, duka la mbegu na dawa za mifugo. Watu wamesahau nywila, wengine wamesahau hata mwaka waliozaliwa, printa inakwama kila karatasi ya tatu, na mimi sijatia chai mdomoni tangu asubuhi. Basi mzee huyu akaipita foleni yote kana kwamba haioni, kofia mkononi, akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando yangu na kufungua daftari la shule.

“Andika,” akasema. “Kwa Serikali ya Amerika.”

“Mzee, kuna laini.”

“Nimeona laini. Hao wanataka mambo ya kodi. Mimi nataka kujua gari.”

Nilimwambia arudi wiki ijayo, nikidhani nimemtoa. Alirudi Jumanne, na kila Jumanne baada ya hapo kwa miezi ishirini na moja, akitoka Burnt Forest asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Sijawahi kupata mteja mwaminifu kiasi hicho, wala mteja wa kunichosha kiasi hicho. Wateja wengine wakimwona kwenye ngazi walinitania: “Ciku, balozi wa Amerika amefika.”

Nieleze kwanza ni mtu gani, maana ukikutana naye barabarani hutageuka kumtazama mara ya pili. Ana miaka sabini na minane. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la shule moja ya bweni, akibeba mahindi, kuni, wachezaji wa mpira wa mikono na, mara moja, piano. Hajawahi kugonga hata kuku, na hilo atakuambia kabla hujamwuliza. Alipostaafu alirudi kwenye ekari zake nne za mahindi na viazi juu ya Burnt Forest, kwa mkewe, Mama Dennis, na kwa gari lililokuwa limekaa bandani tangu yeye akiwa kijana.

Gari lenyewe lilikuwa mzoga. Magurudumu ya mbao, usukani upande wa kulia, viti hakuna, injini imekwama tangu kabla ya uhuru, na kuku walitaga pale dereva alipokuwa akikaa. Baba yake mzee, marehemu Kipkoech, alikuwa dereva wa Kaburu mmoja aliyelima ngano upande ule. Kaburu alipofunga virago aliliacha gari akamwambia Kipkoech alichukue. Alimwachia na maneno pia: kwamba hilo si Ford wala gari lolote analolijua mtu, kwamba lilitengenezwa Amerika na ndugu wawili walioitwa Pruddon, na kwamba kazi halisi ya ndugu hao ilikuwa kuunda majeneza.

Kosa la Kipkoech lilikuwa kuwasimulia watu. Mwanzo walicheka. Nani aache kuunda majeneza aende kuunda magari? Halafu wakaacha kucheka wakaanza kuogopa, kwa sababu huku kwetu jeneza si kitu cha kuweka kwenye boma, wala cha kukalia. Hakuna mtu aliyekubali kupanda gari lile hata likiwa limesimama. Wakampa Kipkoech jina la Dereva wa Jeneza, wakamwongezea na la pili, Mzee wa Uongo, na majina hayo yakamfuata mpaka alipozikwa. Mzee Kigen aliyasikia siku ya mazishi yenyewe, yakisemwa kwa sauti ya chini nyuma ya hema. Dennis, mwanawe, aliyarithi shuleni, akapigana na wenzake mpaka akachoka, na tangu hapo hakukanyaga bandani. Kwake gari lile lilikuwa aibu ya familia.

Kwa hiyo mzee hakuwa anatafuta pesa, wala hakutaka gari litembee. Alitaka mtu wa Amerika, mwenye karatasi na mhuri, aseme kwamba Kipkoech hakuwa mwongo. Hayo tu.

Hayo tu! Ningejua, siku ile ningefunga duka.

Balaa ya kwanza ilikuwa salamu. Mzee alisema kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kiingereza, na kila barua ilikuwa na ukurasa mzima kabla hatujafika kwenye gari.

“Mwambie sisi wazima. Mwambie mvua ilichelewa lakini sasa imekuja. Mahindi iko kwa magoti.”

“Mzee, hao watu wako bize. Tuulize tu swali.”

“Utauliza mtu swali na hujamsalimia? Wewe ulilelewa wapi?”

“Burnt Forest,” nikamjibu, na akainamia daftari lake.

Aliliinamia kwa sababu anajua. Mama yangu, Nyaguthii, alikuwa na duka pale sokoni hadi mwisho wa elfu mbili na saba, vurugu za uchaguzi zilipowafukuza watu wa kabila letu. Tuliondoka na nguo tulizovaa. Tangu hapo mimi ni mtu wa Kapsoya, mtaa wa hapa Eldoret, na sikuwa nimerudi kule hata kununua viazi. Mzee Kigen alimjua mama, alikuwa akinunua kwake mafuta ya taa. Siku hiyo tukarudi kwenye mahindi yaliyofika magotini.

Tuliandika kwa jumba la makumbusho moja, halikujibu. La pili lilijibu kwamba kwenye orodha zao zote hakuna Pruddon. Kisha tukampata bwana mmoja kwenye mtandao wa wapenzi wa magari ya zamani, mjuaji wa kupindukia, akatuandikia mara tatu kwamba hilo ni Ford tu, na kwamba watu wa Afrika huliita kila gari kuukuu jina wanalotaka. Mzee alikasirika mpaka akavua koti.

“Andika. Mwambie baba yangu aliendesha Ford miaka sita kabla ya hii. Mtu anaweza kukosa kujua ng'ombe yake?”

Niliandika. Nilikuwa nimekasirika kuliko yeye, na niliongeza sentensi mbili zangu ambazo sikumsomea.

Mwishowe tukampata mama mmoja wa Ohio, katibu wa chama cha watu wanaohifadhi magari ambayo viwanda vyao vilikufa zamani. Chama hicho kina kitabu. Kila gari linalojulikana linaandikwa humo kwa namba yake, na chini yake majina ya wote waliolitunza. Mama wa Ohio alitujibu siku ya tatu, akasema Pruddon walikuwepo kweli, kiwanda kidogo kilichofungwa kabla hakijakua, na kwamba duniani yamebaki magari matatu. Na cha kuniudhi kabisa, barua yake ilianza kwa kuuliza mahindi yanaendeleaje. Mzee alinitazama kwa ushindi hadi nikatamani kuzima kompyuta.

Mama wa Ohio akaomba picha. Picha za gari, mbele, nyuma, kando, na moja ya karibu inayoonyesha jinsi mbao za sanduku la kiti zilivyounganishwa.

Zilikuja kwenye simu yangu kutoka kwa Faith, kitinda mimba wa mzee, anayeishi Kimumu na huenda nyumbani Jumapili. Picha kumi na saba. Katika ya kwanza mzee amesimama mbele ya gari, suti na tai. Ya pili, yeye na Mama Dennis. Ya tatu, wamemwongeza mchungaji. Ya nne ni kwaya ya kina mama, safu mbili, warefu nyuma, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuliegemea. Ukikaza macho sana, kati ya kiwiko na kiwiko unaona gurudumu.

“Mzee, gari iko wapi?”

“Si iko hapo nyuma yetu.”

“Huyu mama anataka gari peke yake. Bila watu.”

“Peke yake?” Alishangaa kweli. “Picha ya kitu bila wenyewe ni ya kuuza. Sisi hatuuzi.”

Tuliligombania jambo hilo kutoka mwezi wa tisa hadi Krismasi. Alikubali kuondoa mchungaji. Alikubali kuondoa kwaya. Mama Dennis hakuondoka, maana alisema amelifagia banda hilo miaka hamsini na hawezi kuambiwa asimame kando. Mbao alizotaka kuziona mama wa Ohio zilikuwa nyuma ya sketi yake, picha baada ya picha.

Na hilo bado si lililonipandisha presha. Lililonipandisha presha ni kwamba mzee alikuwa amenikataza nisitaje majeneza. Mwaka mmoja na zaidi tunaandika barua, tunaulizwa ni nini anachokijua kuhusu hao ndugu, na yeye anasema ruka hilo swali. Nilipomwuliza sababu alitazama sakafu.

“Watacheka,” akasema. “Huku walicheka. Sitaki baba achekwe hata Amerika.”

Nilijaribu kumweleza kwamba huo ndio ushahidi wenyewe, kwamba mtu hawezi kuthibitishwa ukweli wake kama neno lenyewe linafichwa. Alivaa kofia akaenda zake. Jumanne iliyofuata hivyo hivyo. Basi mwezi wa pili mwaka huu, jioni moja mzee akiwa ameshaondoka, nikachoka. Niliandika barua mwenyewe, fupi, bila mahindi: baba yake mteja wangu alisema hao ndugu walikuwa mafundi wa majeneza, je, kuna ukweli? Nikatuma, halafu nikaogopa nilichofanya.

Jibu lilikuja kabla sijafunga. Mama wa Ohio aliuliza huyo mzee amejuaje. Jambo hilo halimo kwenye kitabu chochote, alisema. Wao wenyewe walilijua mwaka uliopita tu, kutoka kwa mjukuu wa mmoja wa ndugu hao, aliyewaonyesha leja za zamani za familia: majeneza, majeneza, majeneza, kisha magari thelathini na nane, kisha majeneza tena.

Mzee alipokuja Jumanne nilimwambia kwanza kwamba nimemkosea. Alikunja uso. Kisha nikamsomea. Alitaka nimsomee mara ya pili, na ya tatu, na ya tatu alikuwa amefumba macho na kofia ameiweka magotini. Kulikuwa na msichana pale anangoja kupigwa picha ya pasipoti, na hata yeye akaacha simu yake. Mzee aliomba nimchapie nakala kwa Kiswahili, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Niliambiwa baadaye kwamba Jumapili aliisoma mezani baada ya kanisa, watoto na wajukuu wote wakiwepo, na kwamba Dennis aliweka kijiko chini akatoka nje.

Lakini mama wa Ohio alikuwa na sharti. Magari ya zamani huungwaungwa kwa vipande vya mengine, kwa hiyo chama hakiandiki gari bila namba iliyogongwa kwenye chesisi, ile fremu ya chini, nyuma, upande wa kushoto. Msisugue, alisema, msikwangue, pigeni picha kama ilivyo, wao wenyewe watajua kuisoma. Namba ikiwa kati ya moja na thelathini na nane, gari litaingia kitabuni, na chini yake jina la Kipkoech, dereva na mtunzaji. Kitabu kinaenda kuchapwa mwezi wa nne. Kingine baada ya miaka kumi.

Mzee alihesabu kwa vidole. “Nitakuwa themanini na nane,” akasema. Halafu akatikisa kichwa, “Hapana. Ni sasa.”

Tulimwomba Faith apige picha ya namba. Ilikuja. Ni Mama Dennis ameinama kando ya gurudumu la nyuma, anatabasamu, kidole chake kimeelekeza namba, na kidole hicho kimeifunika yote.

Nilicheka mpaka nikahisi nitalia. Nikamwambia mzee basi, yatosha, Jumamosi ninakuja mwenyewe, simu yangu mwenyewe, dakika tano, nitapiga picha nirudi. Aliiweka kofia mezani.

“Wewe utakuja kwetu?”

“Nitakuja.”

Nilishuka Burnt Forest saa nne asubuhi. Nilisimama pale sokoni dakika mbili nikatazama mahali palipokuwa na duka la mama, sasa wanauza mbolea. Nikachukua boda boda, maana sikuwa nimekuja kwa hayo.

Kwenye geti nilijua kuna kitu. Mawe ya kando ya njia yalikuwa yamepakwa chokaa. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Kulikuwa na hema, hema zima la kanisa, na viti vya plastiki vimepangwa, na moshi wa nyama. Mama Dennis alikuja akikimbia, mwanamke wa miaka sabini na zaidi, akanikumbatia akakataa kuniachilia.

“Msichana wa Mama Nyaguthii,” akasema begani mwangu. “Umerudi. Umerudi kwetu.”

Mimi nilitangaza kwamba ninakuja kupiga picha. Wao walisikia kwamba binti wa Mama Nyaguthii anakanyaga Burnt Forest tena baada ya miaka yote ile, na kwamba anakuja kwao. Unajua vile watu wetu hufanya mgeni wa maana akija. Kila kitu husafishwa. Hapo nikauliza gari liko wapi.

Lilikuwa katikati ya uwanja, nyuma ya hema, limevutwa kwa trekta kutoka bandani. Lilikuwa jekundu. Lilikuwa linang'aa mpaka niliona hema ndani yake. Magurudumu yamepigwa vanishi, bodi imenyooshwa, na kando yake amesimama Dennis, mwanamume wa miaka arobaini na mitano, rangi nyekundu kwenye nywele na kwenye kucha, anajaribu kutabasamu kidogo na hawezi, anatabasamu kote.

“Karibu sister,” akasema. “Wiki mzima tuko kwa hii gari, banda imefungwa, hata mzee na mama hatukuwaruhusu kuona. Nilileta Sifuna kutoka tao, huyu ndiye fundi wa bodi namba moja.”

Sifuna alikuwa anafuta taa kwa kitambaa. Nilimpa mkono. Kisha nikazunguka nyuma, upande wa kushoto, nikapiga magoti na gauni langu la Jumapili.

Palikuwa laini. Laini kabisa, na rangi ilikuwa bado inanata.

“Sifuna,” nikaita, kwa sauti ya chini kabisa niliyoweza. “Hapa palikuwa na namba.”

Akachuchumaa kando yangu, mwenye fahari ya kazi yake. “Hapo kulikuwa kumeliwa na kutu vibaya. Nikasaga na grainda, nikaziba na filla. Sasa ni safi.”

“Uliona namba?”

“Kulikuwa na kitu. Kama saba hivi.” Akafikiria. “Ama moja.”

Nataka niseme ukweli wa nilichohisi. Nilitaka kulia, na nilitaka kupiga mtu. Miezi ishirini na moja! Barua sitini na mbili, kwaya, mahindi, yule mjuaji wa Ford, na tulipofika mlangoni kabisa, mtu analeta grainda. Nilimkasirikia Sifuna, nikamkasirikia Dennis, na zaidi ya wote nikajikasirikia mimi, kwa sababu ningekuja Alhamisi moja bila kumwambia mtu, nikapiga picha yangu na kuondoka, namba ingekuwa pale. Nilisimama nikafungua mdomo.

Mzee Kigen alikuwa amefika. Alikuwa ametazama mahali nilipotazama, na niliona ameelewa. Miaka thelathini na mmoja akiendesha lori, chesisi anaijua. Alipitisha kidole gumba pale palipolainishwa, polepole, kikatoka na wekundu.

“Kuna shida?” Dennis akauliza kutoka mbele.

“Hakuna,” mzee akasema. “Ciku anaangalia tairi.”

Akazunguka gari lote, mkono umepita juu ya rangi bila kuigusa. Alipofika kwa mwanawe akasimama.

“Nani alichagua hii rangi?”

“Ni mimi.” Dennis akajikuna shingo. “Nilisema gari ya babu haiwezi kukaa na kuku na mgeni anakuja. Si ni gari ya ukweli.”

“Ni nzuri,” mzee akasema. “Ni nzuri sana.”

Tukala. Sikumbuki nilikula nini. Mama Dennis alinijazia sahani mara tatu, wazee wawili walisimama kusema maneno kunihusu na kumhusu mama yangu, maneno mazuri, ya kweli, na nilishukuru, na wakati wote nilikuwa naona pale mahali palipolainishwa. Saa nane nikaomba ruhusa, mzee akasema atanisindikiza hadi getini.

Tulipofika kwenye mawe yaliyopakwa chokaa akasimama.

“Uko na simu? Andika barua ya yule mama.”

“Nitamwambia kutu ilikula namba, Mzee. Ataelewa.”

“Hapana. Andika namba ilikuwa hapo, na nikaifuta mimi. Mwaka jana, nikisafisha, kabla hajatuambia tusiguse.”

“Lakini si wewe.”

“Dennis ameniambia leo asubuhi. Kuanzia sasa anataka kusoma hizi barua zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Anasema atanunua faili.” Alitazama kule uwanjani. “Hajui namba ni ya nini. Mimi nilimwambia tu mgeni anakuja. Akisoma ajue ni yeye alifuta jina ya babu yake kwa kitabu, hataingia kwa hiyo gari tena maisha yake yote. Akisoma ni mimi, atanikasirikia wiki moja.”

“Na Sifuna?”

“Sifuna nitaongea na yeye. Hata Mama Dennis na Faith.”

Hasira zilinipanda upya, na safari hii zilikuwa juu yake. “Mzee, miaka yote hii umetafuta mtu wa kusema Mzee Kipkoech hakuwa mwongo. Na sasa wewe mwenyewe unataka nikuandikie uongo?”

“Ndio.”

“Na kitabu je?”

“Andika, Ciku.”

Niliandika nikiwa nimesimama pale, vidole vinakosea herufi, rangi imekauka kwenye magoti ya gauni langu. Kule uwanjani Dennis alikuwa amemwinua binti yake mdogo akamweka ndani ya gari, kisha naye akapanda, akakaa nyuma ya usukani, mtu wa kwanza wa familia ile kukaa pale tangu Kipkoech. Mtoto alikuwa anapiga kelele za injini kwa mdomo. Mzee alikuwa amewapa mgongo, ananingoja.

Nilimsomea. Akasema iko sawa, nikatuma. Kati ya barua sitini na tatu nilizomwandikia Mzee Kigen, hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na uongo ndani yake, na ndiyo aliyoniambia nimalizie kwa jina lake lote: Kigen arap Koech, mwana wa Kipkoech.